Kabla ya Umeya: Tunachokiruka Katika Safari ya Zohran Mamdani

Tangu Zohran Mamdani aapishwe kuwa Meya wa Jiji la New York tarehe 1 Januari 2026, habari zake zimekuwa zikisimuliwa Afrika Mashariki kwa namna mbili zinazopingana. Wapo wanaomshangilia kama kijana wa Kampala aliyekwenda ughaibuni na kuwabwaga vigogo katika jiji kubwa kuliko yote Marekani. Wapo pia wanaombeza kama mtoto wa wasomi wenye majina, aliyebebwa na video za simu za mkononi hadi akakabidhiwa jiji lenye bajeti inayozidi dola bilioni 110 na watumishi wapatao 300,000 bila ya kuwahi kuongoza chochote. Pande zote mbili huanza kumhesabu Juni 2025, aliposhinda mchujo wa chama cha Democratic, kana kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu. Hoja yangu ni kwamba funzo lake kubwa limo katika miaka 10 iliyotangulia ushindi huo, yaani kazi ya mtaani isiyoandikwa magazetini, kampeni za watu wengine alizozitumikia na zikashindwa, kiti cha bunge la jimbo ambacho wengi hata hapo New York hawamjui anayekikalia, na kanuni za uchaguzi zinazomwezesha mtu asiye na mtaji kuanzia chini. Elimu yake ya darasani imo katika maelezo hayo, ila haishiki nafasi ile tunayopenda kuipa elimu tunapobishania sifa za wagombea wetu.

Alizaliwa Kampala tarehe 18 Oktoba 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, ni Mganda mwenye asili ya Kihindi, mmoja wa maelfu ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, na katika miaka hiyo ya 1970 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati chuo hicho kilipokuwa uwanja wa mijadala mizito kuhusu ujamaa, ukoloni mamboleo na ukombozi wa kusini mwa Afrika. Mama yake, Mira Nair, ni mtengenezaji filamu mzaliwa wa India. Walimpa mtoto wao jina la kati la Kwame kwa heshima ya Kwame Nkrumah. Akiwa na miaka mitano familia ilihamia Cape Town, ambako baba alikwenda kufundisha, na alipofika miaka saba wakahamia New York. Mambo hayo yana uzito, kwa sababu mtu aliyelelewa katika ukoo uliowahi kunyang'anywa nchi kwa amri ya redio hawezi kuiona serikali kama jambo la mbali. Hata hivyo, mpangaji wa Queens aliyempigia kura hakufanya hivyo kwa sababu ya Kampala wala Makerere. Sisi ndio tunaoyatanguliza hayo, kwa kuwa ndiyo yanayotugusa.

Tumewahi kupita njia hii. Barack Obama aliposhinda urais Novemba 2008, Kenya ilitangaza siku ya mapumziko na kamera zote zikaelekezwa Kogelo, kijiji cha ukoo wa baba yake. Kidogo sana kilisemwa kuhusu kijana aliyewaratibu wakazi wa mitaa ya kusini mwa Chicago wadai huduma zao, kisha akakaa katika Seneti ya Jimbo la Illinois kuanzia 1997 hadi 2004, akijifunza namna mswada unavyopita na namna unavyokwama. Kidogo zaidi kilisemwa kuhusu mwaka 2000, alipojaribu kumng'oa Bobby Rush katika kiti cha Baraza la Wawakilishi la Marekani akashindwa vibaya. Tulisherehekea nasaba tukauacha uanagenzi, na vijana wetu waliotaka kuwa kama yeye hawakuambiwa kwamba njia ilipitia kwenye vikao vya jioni katika kumbi za makanisa. Kwa Mamdani tunaelekea kulirudia kosa hilohilo, na sasa tunalifanya kwa haraka zaidi.

Tuanze na shule, maana ndiyo iliyozusha kelele. Mamdani alisoma sekondari ya Bronx High School of Science, shule ya serikali inayoingiwa kwa mtihani wa ushindani, ambako yeye na wenzake walianzisha timu ya kriketi. Kisha alikwenda Bowdoin, chuo kidogo katika jimbo la Maine, akahitimu mwaka 2014 katika taaluma za Afrika na za watu wenye asili ya Afrika. Hakusomea sheria, wala uchumi, wala utawala wa umma. Julai 2025, baada ya kushinda mchujo, gazeti la The New York Times liliandika kwamba alipoomba nafasi Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2009, ambako hakuchaguliwa, alijitambulisha kwenye fomu kuwa Mwasia na pia Mweusi au Mmarekani mwenye asili ya Afrika. Wapinzani wake walidai alitaka kujipatia upendeleo, naye akajibu kwamba visanduku vya fomu havikuwa na nafasi ya Muhindi wa Uganda, na kwamba penye nafasi ya kuandika aliandika Uganda. Mjadala huo ulichukua siku nyingi. Msomaji wa Kampala, Mombasa au Dar es Salaam, anayewajua majirani zake Wahindi wa vizazi vitatu na vinne, angeweza kuumaliza kwa dakika moja. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ubishi mzima ulikuwa juu ya chuo ambacho hakusoma, huku kile alichokifanya baada ya kuhitimu kikiachwa bila kuguswa.

Sheria haikumdai hata hicho cheti. Katiba ya Jimbo la New York inamtaka mgombea wa bunge la jimbo awe raia wa Marekani, awe ameishi katika jimbo kwa miaka mitano na katika eneo lake la uchaguzi kwa miezi 12. Basi. Mamdani alipata uraia wa Marekani mwaka 2018, na miaka miwili baadaye jina lake likawa kwenye karatasi ya kura. Kati ya kuhitimu na kugombea alifanya mambo kadhaa, ukiwamo muziki wa kufoka aliourekodi Kampala, lakini kazi iliyomjenga ilikuwa ile ya ushauri wa makazi huko Queens, akiwasaidia wahamiaji wa kipato cha chini waliokuwa karibu kupoteza nyumba zao. Kazi ya namna hii haina fahari. Mwenye nyumba anakuja na bahasha ya barua za benki, nyingine hajazifungua kwa woga, nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mshauri anazipanga kwa tarehe, anatafuta ni lini nyumba inaweza kupigwa mnada, anapiga simu benki na kusubiri, anahamishwa kutoka idara hadi idara, mwishowe anaomba masharti ya mkopo yapunguzwe. Mwenyewe amesema kuwa ni kazi hiyo iliyomsukuma kugombea, kwa kuwa aliona matatizo aliyokuwa akiyatibu mtu mmoja mmoja yalikuwa yakitengenezwa na sheria. Namwamini katika hilo, kwa sababu ilani yake ya 2025, yenye kodi ya pango, nauli, malezi ya watoto na bei ya chakula, inasomeka kama muhtasari wa mafaili ya mezani pale.

Sambamba na kazi hiyo alijifunza kampeni, na hapa ndipo simulizi ya bahati inapovunjika kabisa. Mwaka 2015 alijitolea katika kampeni ya Ali Najmi, aliyegombea Baraza la Jiji kutoka mashariki mwa Queens. Mwaka 2017, mwaka aliojiunga na wasoshalisti wa kidemokrasia, alifanya kazi katika kampeni ya mchungaji Mpalestina Khader El-Yateem kule Bay Ridge, Brooklyn. Mwaka 2018 aliongoza kampeni ya mwandishi wa habari Ross Barkan kuwania Seneti ya Jimbo. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa waratibu wa nyumba kwa nyumba wa Tiffany Cabán, aliyegombea uendesha mashtaka wa Queens. Wote wanne walishindwa, na Cabán alishindwa kwa kura chini ya 100 baada ya kuhesabiwa upya. Mtu anayetaka kujua elimu ya kisiasa ya Mamdani ilipatikana wapi aanzie hapo. Kipigo cha kura zisizofika 100 kinafundisha thamani ya kila mlango ambao haukugongwa na kila fomu iliyojazwa vibaya. Kampeni ya mchungaji El-Yateem iliwafundisha watu wengi wa kizazi chake kwamba Waislamu na Waarabu wa mitaa ile, ambao wanasiasa wa kawaida hawakuwajumlisha kwenye hesabu zao, walikuwa wapiga kura waliokuwa hawajaombwa kura.

Mwaka 2020 akagombea mwenyewe, eneo la uchaguzi la 36, mtaa wa Astoria na jirani zake huko Queens. Aliyekuwa akikishikilia kiti, Aravella Simotas, alikuwa ameingia bungeni mwaka 2011 na hakuwa na kashfa yoyote. Ili jina liingie kwenye kura ya mchujo, kanuni ya kawaida ya kiti hicho inadai saini 500 za wanachama wa chama waliojiandikisha katika eneo husika. Mgombea hailipii tume ada ya mamilioni, hapigi magoti mbele ya kamati kuu, na hakuna kikao cha usiku kinachoweza kumkata baada ya wanachama kupiga kura. Mamdani alishinda mchujo wa Juni kwa tofauti ya kura mia chache tu, katikati ya janga la Uviko, na katika eneo hilo mchujo wa Democratic ndio uchaguzi wenyewe. Eneo moja la bunge la jimbo lina wakazi 130,000 na ushei, ambao ni kiasi mtu anaweza kuwajua kwa mitaa, misikiti, makanisa na maduka yao. Kwa mwanasiasa anayeanza sioni darasa bora kuliko hilo.

Sasa tuipime hoja ya uzoefu, kwa kuwa ina nguvu kuliko wanavyokiri wafuasi wake. Katika miaka mitano ya Albany, yalipo makao ya serikali ya jimbo, miswada aliyoidhamini yeye mwenyewe na ikawa sheria inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alikuwa mmoja kati ya wabunge 150 katika chombo ambacho spika na gavana ndio wanaoamua kinachopita, hasa kupitia bajeti, hivyo idadi ya miswada ni kipimo hafifu. Lakini hata tukikiacha kipimo hicho, ni kweli kwamba kabla ya umeya hakuwahi kuongoza idara yenye maelfu ya watumishi, wala kusimamia polisi, wala kukaa na vyama vya wafanyakazi akijua kwamba saini ya mwisho ni yake. Mpinzani wake mkuu, Andrew Cuomo, alikuwa gavana kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kujiuzulu Agosti 2021, na kabla ya hapo alikuwa waziri wa makazi wa serikali ya taifa. Anayesema kwamba jiji kama New York si mahali pa kujifunzia kazi ana haki ya kusikilizwa.

Nikiangalia rekodi yenyewe, hata hivyo, nayaona mambo mawili yasiyotoshea katika neno "hana uzoefu". La kwanza ni la madereva wa teksi. Teksi ya njano ya New York haiwezi kubeba abiria bila kibati cha leseni kinachofungwa juu ya boneti, na kufikia mwaka 2014 kibati kimoja kilikuwa kimeuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja. Madereva, wengi wao wahamiaji kutoka Bangladesh, Pakistan, India, Haiti na Afrika, walikopa kuvinunua, kisha bei ikaporomoka na mikopo ikabaki palepale, na baadhi yao walijiua. Oktoba 2021 Mamdani, akiwa mbunge mgeni, aliungana na madereva katika mgomo wa kula nje ya Ukumbi wa Jiji uliodumu siku 15, hadi Novemba jiji lilipokubali kuidhamini mikopo iliyopunguzwa hadi dola 170,000, na marejesho yasiyozidi dola 1,122 kwa mwezi. Chama cha madereva ndicho kilichoupigania mpango huo kwa miaka, na sifa kuu ni yake. Mbunge alichangia kile ambacho kiti kinampa mtu, yaani milango ya ofisi na masikio ya viongozi, pamoja na mwili wake mwenyewe.

La pili ni mabasi ya bure. Pamoja na Seneta wa Jimbo Michael Gianaris, alipata ndani ya bajeti ya jimbo majaribio ya mabasi yasiyo na nauli, njia moja katika kila moja ya wilaya tano za jiji, kuanzia Septemba 2023 hadi mwisho wa Agosti 2024. Abiria waliongezeka. Jimbo halikuyaendeleza majaribio hayo, na hilo lilikuwa pigo kwake, kwani kuanzisha jambo ndani ya bajeti ni kazi moja na kulilinda bajeti inayofuata ni kazi nyingine. Kwa maoni yangu rekodi hii inaonyesha mwanasiasa wa ngazi ya jimbo wa kawaida kabisa, mwenye ushindi mdogo, kushindwa kunakoeleweka, na maarifa ya mambo machache aliyoyachimba hadi mizizi. Yeyote anayemkuza kuwa nabii au kumdhalilisha kuwa mtu wa picha hajaisoma.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosema ameletwa na mitandao. Inapendwa sana na washauri wa siasa wa kwetu, kwa sababu inauzika: mnunulie mgombea kamera na vijana watatu wa kuhariri, naye atashinda. Kwanza, ushindi wake wa 2020 ulipatikana wakati hajulikani, kwa milango, simu na barua. Pili, video zenyewe zilitokana na kazi ya miguu. Baada ya uchaguzi wa Novemba 2024 alikwenda Fordham Road huko Bronx na Hillside Avenue huko Queens, mitaa ya wahamiaji ambako kura za Donald Trump zilikuwa zimepanda, akasimama barabarani na kipaza sauti akiwauliza watu kwa nini walimpigia Trump au kwa nini hawakupiga kabisa, na akasikiliza majibu. Katika video nyingine aliwahoji wachuuzi wa wali na kuku wa mikokoteni, akaeleza kwamba sahani imepanda bei kwa sababu kibali ambacho jiji linakitoa kwa dola mia chache kinakodishwa kwa mlango wa nyuma kwa maelfu mengi ya dola kwa mwaka. Hilo halitoki kwa mhariri wa video. Linatoka kwa mtu anayejua vibali vinatolewa wapi na miswada gani ya Baraza la Jiji imekwama. Tatu, makumi ya maelfu ya watu waliojitolea walikwenda nyumba kwa nyumba. Kundi lililomuunga mkono Cuomo lilikusanya zaidi ya dola milioni 20 na kununua matangazo yote liliyoyataka. Kama picha zinazotembea zingetosha, Cuomo ndiye angekuwa meya.

Ipo hoja nyingine, na hii ndiyo inayostahili muda wetu: kwamba alikuwa na mto wa kulalia. Kijana ambaye baba yake ni profesa wa Columbia na mama yake ni msanii anayejulikana duniani anaweza kutumia miaka yake ya ujana katika muziki, ushauri wa makazi na kampeni nne zilizoshindwa bila kuogopa njaa wala kutuma pesa kijijini kila mwisho wa mwezi. Hoja hii ni ya kweli na sioni haja ya kuizunguka. Uanagenzi wa siasa unagharimu miaka, na miaka ina bei ambayo wengi hawawezi kuilipa. Lakini ikubali hoja hiyo kikamilifu, uone inakokupeleka. Watoto wa watu maarufu ni wengi New York, na karibu wote hawakugombea kiti cha Astoria kwa sababu kilikuwa kidogo mno kwao. Nasaba ilimpa muda. Wapiga kura aliwapata kwa njia nyingine, na njia hiyo ilikuwa ya umma. Mji huo tangu mwaka 1988 una mfuko unaoongezea michango midogo, na kwa sheria ya sasa mkazi wa jiji akimchangia mgombea wa umeya aliyejiunga na mpango huo, kila dola kati ya zile 250 za kwanza inaongezewa dola nane za umma. Mchango wa dola 10 wa mlinzi wa usiku unakuwa dola 90. Machi 2025 Mamdani aliwaomba wafuasi waache kuchanga, kwa kuwa alikuwa anafikia kikomo cha matumizi kilichowekwa na sheria.

Kanuni ya pili iliyomsaidia ni ya upigaji kura. Katika mchujo wa umeya, kwa utaratibu ulioidhinishwa na wananchi mwaka 2019, mpiga kura anapanga hadi wagombea watano kwa namba, wa kwanza hadi wa tano. Wa mwisho anapotolewa, kura zake zinakwenda kwa aliyewekwa wa pili, na kuendelea hivyo. Kati ya wagombea 11 wa Juni 2025 Mamdani alipata asilimia 43 na ushei katika hesabu ya kwanza, na zilipohamishwa kura akamaliza na asilimia 56. Yeye na Brad Lander, mkaguzi wa hesabu za jiji, waliwaambia wafuasi wao kwamba ukiniweka wa kwanza mimi, muweke wa pili mwenzangu. Mfumo huo unaadhibu matusi, kwa sababu unayemtukana leo unahitaji wapiga kura wake kesho. Katika uchaguzi wa Novemba, usiotumia mfumo huo, alipata zaidi ya kura milioni moja na kuvuka nusu ya kura zote, katika uchaguzi wa meya uliojitokeza wapiga kura zaidi ya milioni mbili, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1969.

Nikiyageukia ya kwetu, naona tumezielekeza nguvu zetu kwenye cheti. Uganda inamtaka mbunge awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Kenya inamtaka gavana awe na shahada, na mwaka 2022 uchaguzi wa Nairobi ulizama kwa wiki kadhaa katika ubishi juu ya shahada ya Johnson Sakaja kutoka chuo kimoja cha Uganda, hadi akaruhusiwa kugombea na kushinda, huku maswali ya taka, maji na usafiri wa jiji la mamilioni ya watu yakisubiri. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikitengua kifungu kilichotaka shahada kwa wabunge. Tanzania imekuwa mpole zaidi, kwani Katiba yake inataka mbunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, lakini inamtaka pia awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, na katika chama tawala kura za maoni za wanachama hazikuwa neno la mwisho, kwani vikao vya juu vilikuwa na uwezo wa kumpitisha aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu. Wanaotetea masharti ya elimu wana nia njema. Wamechoshwa na wawakilishi wasiosoma bajeti wanayoipitisha. Lakini shahada haimfundishi mtu kusoma bajeti ya halmashauri, na tumeona wenye shahada mbili wakiipitisha bila kuifungua.

Kibaya zaidi, ngazi ya chini ambayo ingewafundisha tumeikata miguu. Nimewahi kukaa katika kikao cha kamati ya maendeleo ya kata na kumsikiliza diwani akitaja, bila karatasi, vitongoji visivyo na maji, mabomba yaliyopasuka na mwenyekiti gani wa mtaa aliahidiwa nini. Alijua kila kitu na hakuwa na senti ya kuamua, kwa sababu fungu lilipangwa kwingine. Meya wa manispaa ya Tanzania anachaguliwa na madiwani wenzake, na mkurugenzi anayeshika kalamu ya fedha anateuliwa kutoka juu. Kampala, mji alikozaliwa Mamdani, wananchi wanamchagua Meya Mkuu kwa kura zao, lakini sheria ya mwaka 2010 iliweka utendaji mikononi mwa Mkurugenzi Mtendaji anayeteuliwa na Rais. Erias Lukwago, aliyechaguliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2011, alitumia muda mwingi wa muhula huo mahakamani akipigania ofisi yake. Kenya imekwenda mbali kuliko majirani, kwa kuwa kaunti 47 zina fedha zinazolindwa na Katiba na wadi 1,450 zina wawakilishi wake, na kama kuna mahali katika ukanda huu ambapo mwanasiasa anaweza kukua kutoka wadi hadi ikulu ya kaunti kwa rekodi inayopimika, ni huko.

Suala hili linatuhusu pia katika namna tutakavyompima Mamdani mwenyewe. Ahadi zake zinazotegemea saini yake peke yake ni chache. Bodi ya watu tisa inayopanga nyongeza ya kodi katika nyumba takriban milioni moja zenye kodi iliyodhibitiwa inateuliwa na meya, kwa hiyo hapo ana mkono. Mabasi yako chini ya mamlaka ya usafiri ya jimbo. Kodi mpya kwa matajiri na makampuni haiwezi kutozwa bila Bunge la Jimbo na Gavana Kathy Hochul, aliyekwisha kuonyesha kusita. Kwenye malezi ya watoto, Januari hiyohiyo gavana alisimama naye kutangaza fedha za jimbo za kuanzia, na hilo ni tunda la Albany zaidi kuliko la Ukumbi wa Jiji. Atakaposhindwa jambo, na atashindwa baadhi, tusikimbilie kusema kijana alidanganya kabla ya kuuliza ni kiti gani kilikuwa na mamlaka. Miaka yake mitano katika bunge la jimbo huenda ikawa ndiyo mali yake kubwa kuliko zote, kwa sababu anawajua wanaoshika funguo na anajua mlango upi unafunguka mwezi gani wa bajeti.

Kenya inakwenda kwenye uchaguzi mkuu Agosti 2027, na sheria yake ya kudhibiti fedha za kampeni, iliyotungwa mwaka 2013, haijatumika katika uchaguzi mkuu hata mmoja. Fedha za umma zipo, ila zinakwenda kwa vyama kupitia mfuko wa vyama, na mgombea wa wadi hazioni. Bunge lingeweza kuanza na uchaguzi wa wadi pekee: mkazi aliyejiandikisha katika wadi akimchangia mgombea shilingi 100, mfuko uongeze mia kadhaa juu yake hadi kikomo kinachojulikana, na mgombea anayepokea afungue hesabu zake zote kwa wapiga kura. New York inatumia maafisa na makaratasi mengi kuhakikisha kwamba aliyechanga ni mkazi kweli. Kenya michango midogo mingi tayari inapita M-Pesa, na ujumbe wa simu unabaki na jina, tarehe na kiasi.